Nguzo au Kijiti? Uimara wa Jino Lililoharibika na Kujengwa Upya kwa Faiba

Kamembe, mji mkuu wa Wilaya ya Rusizi ambayo wengi wetu bado tunaiita Cyangugu, ni mahali ambapo mgonjwa wa meno anaweza kuelezwa hali ya jino lake kwa lugha nne. Kinyarwanda ni lugha ya nyumbani. Kifaransa ni lugha ya matabibu waliosoma zamani. Kiingereza ni lugha ya waliosoma baada ya serikali kuamua, mwaka 2008, kubadili lugha ya kufundishia. Kiswahili ni lugha ya soko na ya mpaka: ukivuka daraja la mto Rusizi umeingia Bukavu, na watu huvuka kila siku kwa biashara, kwa masomo na kwa matibabu. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda pia, kwa hiyo mgonjwa anayeomba aelezwe kwa Kiswahili haombi fadhila.

Wanafunzi wetu wanaojiandaa kuwa wakalimani au walimu wa Kiswahili cha tiba huwa wepesi kujifunza majina ya viungo na magonjwa. Wanapofika kwenye vifaa na taratibu za tiba, hukwama. Katika toleo hili tumechagua kifaa kimoja kidogo, kisichozidi njiti ya kiberiti kwa unene, ambacho jina lake linaweza kumfanya mgonjwa aamini jambo lisilo kweli na kulilipia fedha nyingi. Nacho ni kile kijiti cha nyuzi za kioo, yaani faiba, kinachopachikwa ndani ya mzizi wa jino lililoharibika ili jino hilo lijengwe upya. Swali tunalojiuliza ni hili: je, kijiti hiki hulifanya jino lisivunjike?

Swali si la anasa. Uchunguzi wa kwanza wa kitaifa wa afya ya kinywa nchini Rwanda, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya waliochunguzwa walikuwa wamewahi kuoza jino, zaidi ya nusu walikuwa na jino bovu ambalo halijatibiwa, na wengi wao hawakuwa wamewahi kumwona mtaalamu wa meno hata mara moja. Mtu akifika kwa daktari akiwa amechelewa hivyo, aghalabu kinachokuwa kimebaki ni kisiki. Hapo ana njia mbili: kung'oa, au kuokoa mzizi na kujenga juu yake. Njia ya pili ni ghali, huhitaji kurudi mara kadhaa, na pengine humpeleka hadi Kigali, safari ya zaidi ya kilomita 200. Anastahili kujua ananunua nini.

Jino lisilo na uhai halikauki kama kuni

Tuanze na imani iliyoenea, hata miongoni mwa matabibu: jino likitolewa kiini chake (ile nyama laini ya ndani yenye mishipa ya damu na ya fahamu) hukauka, na likishakauka huvunjika kama kuni. Imani hii ndiyo iliyowafanya madaktari wa zamani wapachike chuma katika kila jino walilolitoa kiini, wakidhani wanaliimarisha.

Mwaka 1992 watafiti wawili, Sedgley na Messer, waliipima imani hiyo kwa njia rahisi na ya haki. Walichukua jozi 23 za meno yaliyong'olewa. Katika kila jozi, jino moja lilikuwa limetolewa kiini na lingine, la upande wa pili wa kinywa hichohicho, lilikuwa hai. Wakayalinganisha kwa vipimo vya ugumu na uthabiti. Tofauti waliyoikuta ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba hawakuweza kusema jino lisilo na kiini limekuwa jepesi kuvunjika kwa sababu ya kukosa kiini tu.

Basi kwa nini meno hayo huvunjika? Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa miaka mitatu kabla. Mwaka 1989 Reeh na wenzake walipima ni kwa kiasi gani jino hupoteza uthabiti wake kila linapochongwa. Kufungua tundu na kusafisha mfereji wa mzizi kulipunguza uthabiti kwa asilimia 5 tu. Kuchonga shimo la kuziba katikati ya sehemu ya kutafunia kulipunguza asilimia 20. Lakini kuchonga shimo linalopita kutoka mbele hadi nyuma ya jino na kuzikata kingo zote mbili kulipunguza asilimia 63.

Anayejua kusuka kikapu haoni ajabu hapa. Kikapu kinaweza kutobolewa kitakoni na bado kikabeba viazi. Ukikata ukingo wake wa juu, kuta hufunguka na umbo hupotea. Jino nalo huhimili kwa sababu kuta zake zimeshikana kwa kuzungukana. Kwa hiyo anayeliua jino ni yule mdudu wa kuoza aliyekula kuta, pamoja na mkono mzito wa daktari uliomalizia kuzichonga. Kukosa kiini ni lawama ndogo.

Kijiti chenyewe

Sasa tueleze kinachofanyika. Daktari husafisha mfereji wa mzizi kwa tupa nyembamba sana na kwa dawa ya hipokloriti ya sodiamu, kemikali ileile iliyomo katika Jik ya kufulia nguo nyeupe. Kisha huujaza mfereji kwa gutaperka, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki. (Gutaperka si mgeni kabisa Afrika Mashariki: nyaya za telegrafu zilizolazwa chini ya bahari hadi Zanzibar mwaka 1879 zilikingwa maji kwa utomvu huo.) Mfereji ukishazibwa, jino limepona maradhi, ila bado halina kichwa cha kutafunia.

Kama kuta zilizobaki zinatosha, daktari huziba tu, au hujenga juu yake na kuvika kofia, na kazi imekwisha. Kama hazitoshi, kile kitakachojengwa juu hakina pa kushika. Hapo ndipo kijiti kinapoingia. Daktari hutoa sehemu ya juu ya gutaperka, akiacha milimita 4 hadi 5 kwenye ncha ya mzizi ili vijidudu visipenye, kisha hugundisha kijiti ndani ya nafasi hiyo. Kipande cha kijiti hubaki kimejitokeza nje ya ufizi. Juu ya kipande hicho hujengwa kichwa bandia cha rezini ngumu, na juu ya kichwa hicho huvikwa kofia.

Msomaji azingatie kazi ya kijiti katika maelezo haya. Kinashikilia kichwa bandia kisidondoke. Hakuna mahali ambapo kinaongeza kitu kwenye kuta za mzizi. Kinyume chake, ili kipate nafasi, mzizi wenyewe mara nyingi huchongwa kwa ndani na kuta huzidi kuwa nyembamba. Ndiyo maana vitabu vya taaluma hushauri kijiti kisizidi theluthi moja ya upana wa mzizi, na ndiyo maana meno ya nyuma mara nyingi hayakihitaji: chumba cha kiini chao ni kikubwa, na rezini hupata pa kushika humohumo. Meno ya mbele ni membamba, na hupokea nguvu ya kuyasukuma kwa mshazari. Hayo ndiyo yanayokihitaji zaidi.

Wazo la kupachika kitu ndani ya mzizi ni la kale. Pierre Fauchard, Mfaransa anayehesabiwa kuwa baba wa udaktari wa meno wa kisasa, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1728 jinsi ya kupachika meno bandia kwa vipini vya dhahabu na fedha. Kwa zaidi ya miaka 200 waliomfuata walitumia chuma cha aina hii au ile. Vijiti vya faiba vilianza kuandikwa habari zake mwaka 1990, Ufaransa tena, na Duret na wenzake. Vile vya kwanza vilikuwa vya nyuzi za kaboni, vyeusi, na weusi huo ulionekana kupitia jino. Baadaye zikaja nyuzi za kioo na za kwatzi, zenye weupe unaopitisha mwanga.

Kabari na mlingoti

Kwa nini waliacha chuma, ambacho kina nguvu kuliko nyuzi? Hapa pana jambo linalowashangaza wengi: chuma kiliachwa kwa sababu ya ukakamavu wake, si kwa unyonge.

Wahandisi hupima ukakamavu, yaani jinsi kitu kinavyokataa kupinda, kwa kipimo kiitwacho gigapaskali. Dentini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya jino na mzizi wake, ina takriban 18. Chuma cha pua kina karibu 200. Titani ina karibu 110. Kijiti cha faiba, kutegemea mtengenezaji na upande kinapobonyezwa, huwa kati ya 20 na 50 hivi. Kwa maneno mengine, faiba hupinda karibu kama jino linavyopinda. Chuma cha pua ni kikakamavu mara kumi na zaidi.

Anayepasua kuni hutia kabari ya chuma ndani ya gogo na kuigonga. Gogo hupasuka kwa urefu kwa sababu kabari haikubali kubadili umbo. Gogo ndilo linalolazimika kubadili la kwake. Kijiti cha chuma ndani ya mzizi hufanya vivyo hivyo kila mwenye jino anapouma. Nguvu hushuka kwenye chuma bila kupungua hadi ncha yake, na hapo huubonyeza mzizi kutoka ndani. Siku ikifika, mzizi hupasuka kwa urefu, na mzizi uliopasuka hivyo kwa kawaida hauna tiba isipokuwa kung'olewa.

Waliowahi kusimama ufukweni jioni na kuwatazama wavuvi wa sambaza wakiingia Ziwa Kivu na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja wanaijua njia nyingine. Ile miti mirefu inayojitokeza mbele na nyuma ya mitumbwi hupinda na wimbi. Wimbi likipita, hurudi. Faiba imekusudiwa kuwa hivyo: ipinde pamoja na mzizi badala ya kupambana nao. Na mzigo ukizidi kabisa, kinachoachia kwanza aghalabu ni gundi, au kijiti chenyewe huvunjika shingoni, na mzizi hubaki mzima. Mgonjwa anarudi na kofia yake mkononi, amekasirika, lakini mzizi anao.

Tofauti hii ndiyo inayosahaulika katika matangazo. Katika majaribio kadhaa ya maabara, jino lenye chuma hubeba mzigo mkubwa zaidi kabla ya kuvunjika kuliko lenye faiba. Anayetazama tarakimu peke yake atasema chuma kimeshinda. Anayetazama vipande vilivyobaki mezani baada ya jaribio atauliza swali lingine: lipi kati ya haya linaweza kujengwa tena?

Mzigo wenyewe ni kiasi gani

Ili tarakimu zisituchanganye, tuzipe sura. Nyutoni 1 ni takriban uzito wa gramu 100. Meno ya mbele ya mtu mzima yakiuma kwa nguvu hufikia nyutoni 100 hadi 200. Hiyo ya juu ni sawa na jerikani ya lita 20 iliyojaa maji, imening'inizwa kwenye jino moja. Magego hufikia 500 na zaidi, ambayo ni mfuko mzima wa saruji wa kilo 50, kama ile itokayo katika kiwanda cha Cimerwa kule Bugarama, wilayani mwetu. Kutafuna sambaza au ubwabwa hakufiki huko hata kidogo. Kung'ata muwa, kupasua mfupa na kufungua chupa ya soda kwa meno (tabia ambayo hatutaitetea) hukaribia.

Maabara hupima hivi: jino lililong'olewa hupandwa katika kipande cha plastiki, hujengwa upya, hutiwa katika maji ya digrii 5 kisha 55 kwa zamu maelfu ya mara ili kuiga chai na maji baridi, halafu mashine huligandamiza polepole hadi livunjike. Jino la mbele hugandamizwa kwa pembe ya digrii 135, kwa kuwa ndivyo meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Kasoro ya kipimo hiki ni kwamba kinywani meno hayavunjiki hivyo mara nyingi. Huchoka. Nguvu ndogo inayorudiwa mara nyingi humaliza kile ambacho pigo moja kubwa halikuweza. Ndiyo maana maabara nyingine hutafunisha jino mara 1,200,000 kwanza, idadi inayochukuliwa kuwakilisha takriban miaka 5 ya kutafuna, kabla ya kulivunja.

Pete

Kati ya yote yaliyogunduliwa kuhusu meno haya, lililo muhimu kuliko mengine halihusu kijiti kabisa. Linahusu ukanda wa jino lenyewe uliobaki juu ya ufizi.

Mpini wa patasi ukigongwa kwa nyundo hupasuka mapema kama hauna pete ya chuma kichwani. Fundi seremala yeyote anajua hili. Pete haifanyi mpini uwe mnene. Huzuia kuta zake kutengana. Kofia ya jino hufanya kazi hiyohiyo ikiwa inapata pa kukumbatia: ukanda wa jino la asili, mzima, unaozunguka pande zote, wenye kimo cha milimita 1.5 hadi 2. Mwaka 1990 Sorensen na Engelman walionyesha kwamba hata milimita 1 ya jino iliyobaki juu ya mpaka wa kofia iliongeza sana uwezo wa jino kuhimili mvunjiko. Kofia ikikalia rezini tupu, bila kukumbatia jino, nguvu yote ya kuuma huishia kwenye kijiti na gundi yake.

Hapo ndipo upole wa faiba unapogeuka kuwa udhaifu. Bila pete, kijiti kinachopinda huiruhusu kofia kucheza kidogo sana, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukihisi. Mate hupenya kwenye ufa huo, vijidudu hufuata, na kisiki huoza tena chini ya kofia inayong'aa. Mgonjwa hana maumivu kwa sababu kiini kilishatolewa. Anakuja kujua siku kofia inapotoka na harufu yake.

Siena na Berlin

Tuna taarifa mbili kutoka kwa wagonjwa, si kutoka mashine, zinazofaa kuwekwa pamoja.

Ya kwanza ni ya Ferrari na wenzake wa Siena, Italia, iliyochapishwa mwaka 2000. Walifuatilia wagonjwa 200: nusu walikuwa na vijiti vya faiba na nusu walikuwa na vya chuma cha kumiminwa. Baada ya miaka 4, asilimia 95 ya kundi la faiba walihesabiwa kuwa wamefanikiwa, dhidi ya 84 wa chuma. Katika kundi la chuma, asilimia 9 walipasuka mzizi. Katika kundi la faiba hakupasuka hata mmoja. Habari hii ilienea duniani, nayo ilistahili, ingawa ilitokana na kupitia kumbukumbu za nyuma. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura tangu mwanzo.

Ya pili ni ya Berlin, ya Sterzenbach, Franke na Naumann, iliyochapishwa mwaka 2012. Wagonjwa 91 waligawanywa kwa kura: wengine titani, wengine faiba. Sharti moja liliwekwa kwa wote, kwamba jino liwe na pete ya angalau milimita 2. Baada ya miaka 7 hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili.

Kwa maoni yetu taarifa hizi hazipingani sana kama zinavyoonekana. Ya Berlin inasema kwamba pete ikiwepo, kijiti cha aina gani si jambo kubwa. Ya Siena inatukumbusha kwamba mambo yakiharibika, ni afadhali yaharibike kwa namna ya faiba. Anayemuuzia mgonjwa faiba kama dawa ya kuimarisha jino hana msaada kutoka upande wowote.

Gundi, mate na karafuu

Kwa kuwa faiba hushindwa zaidi kwa kuachia gundi, nusu ya kazi iko kwenye gundi, na gundi za rezini ni za deko. Hazitaki mate. Daktari hulitenga jino kwa kipande cha mpira kilichotobolewa ili lisimame peke yake, kavu. Asiyefanya hivyo anacheza bahati nasibu. Zinahitaji pia mwanga wa buluu wa kukausha, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kazi si jambo dogo. Hata ile hipokloriti iliyosafisha mfereji huacha mabaki yanayodhoofisha mshiko kama hayakusuuzwa vizuri.

Na kuna karafuu. Mafuta ya karafuu, ambayo Unguja na Pemba ziliyafanya mashuhuri, yana kemikali iitwayo yujenoli, inayotuliza maumivu ya jino. Bibi zetu walijua hilo, na madaktari nao huchanganya yujenoli na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Tatizo ni kwamba yujenoli huzuia rezini kuganda sawasawa. Mgonjwa aliyezibwa kwa muda kwa mchanganyiko huo, au anayejitia mafuta ya karafuu kila usiku kwenye kisiki akisubiri tarehe yake, inafaa amwambie daktari kabla kijiti hakijagundishwa. Daktari anaweza kusafisha kuta na kuendelea, ila lazima ajue.

Tukiite nini?

Sasa turudi kwenye lugha. Waliozoea Kifaransa, Kamembe na Bukavu, husema pivo. Neno hilo lina faida ya kueleweka pande zote mbili za mto, na halidai chochote: halisemi kwamba jino litakuwa na nguvu. Wanafunzi wetu, wakitafuta neno la Kibantu, hukimbilia nguzo. Ni neno zuri, na hilo ndilo kosa lake. Nguzo hubeba nyumba. Ukiongeza nguzo, nyumba inazidi kuwa imara. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba atatiwa nguzo ya jino ataenda kupasua mfupa nalo. Msumari nalo lina sura ya kugongelea, na lina uchungu ndani yake. Pini si baya, lakini hospitalini limekwishatumika kwa mifupa iliyovunjika, na huko pini kweli hushikiza mfupa.

Sisi tunapendelea kijiti. Ni neno dogo kama kitu chenyewe. Linaweza kuongezewa: kijiti cha faiba, kijiti cha chuma. Na halimwahidi mgonjwa nyumba. Kwa ule ukanda wa jino unaokumbatiwa na kofia tunapendekeza pete, kwa sababu maseremala wanalo tayari na maana yake ni ileile. Walimu wenzetu wenye maneno bora zaidi watuandikie.

Haya hapa mazungumzo mafupi ya kielelezo ya kutumia darasani. Mgonjwa ni mama mfanyabiashara aliyevuka kutoka Bukavu. Jino lake la mbele la juu limebaki kisiki.

– Dokta, ukishanitia ile pivo, jino litakuwa na nguvu kama zamani?

– Hapana, mama. Kijiti kinashika tu kile nitakachojenga juu. Nguvu ni ya jino lako lililobaki.

– Na limebaki kiasi gani?

– Nimepima. Mbele na nyuma limebaki milimita 2. Upande huu wa kushoto limebaki chini ya 1.

– Kwa hiyo?

– Kwa hiyo naweza kujenga, lakini upande huo ni dhaifu, na sitakuficha. Naweza pia kupunguza ufizi na mfupa kidogo upande huo ili nipate pete. Itaongeza gharama na majuma kadhaa ya kupona.

– Na kama nikikataa yote?

– Tunang'oa, mama, na tunazungumza habari ya jino la kuvaa.

– Likishajengwa likivunjika?

– Kwa faiba, mara nyingi kinatoka kijiti, mzizi unabaki, na tunajaribu tena. Mzizi wenyewe ukipasuka, hakuna la kujaribu.

Mwalimu awaulize wanafunzi: ni wapi katika mazungumzo haya neno nguzo lingebadili uamuzi wa mama? Kisha wayageuze kwa Kinyarwanda na kurudi tena Kiswahili, waone kama milimita 2 na pete vimefika salama.

Jambo la mwisho ni la wale walio na kijiti tayari. Kofia ikianza kucheza, hata bila maumivu, mtu asiigundishe kwa gundi ya viatu wala ya plastiki inayouzwa sokoni. Gundi hizo si za kinywani, na humfanya daktari achonge zaidi ili kuziondoa, tena kwenye ule ukanda wa milimita 2 usiorudi. Aiweke kofia kwenye chombo safi, pamoja na kijiti kama kimetoka nacho, na aende navyo ndani ya siku chache, kabla mate hayajafanya kazi yake ndani ya mzizi.